TIBAMTANDAO KWA WAZEE WALIOPOTEWA NA KUMBUKUMBU: KAZI YA MWANAFUNZI NYUMBANI

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na sahaba zake. Amma baad.



Qur'ani inatufahamisha, katika Suratun Nahl aya ya 70 na Suratul Hajj aya ya 5, kwamba wamo miongoni mwetu wanaorudishwa kwenye umri dhaifu hata wasijue kitu baada ya kuwa wanakijua. Basi hali hii si aibu ya ukoo, wala si dalili ya kurogwa. Makala hii inaeleza ugonjwa huo, na jinsi simu inavyoweza kumkutanisha mzee na daktari bila kumteremsha mlima kila mara.

UGONJWA WENYEWE

Dimenshia ni jina la jumla la maradhi yanayoharibu ubongo taratibu. Sababu kubwa ni ugonjwa wa Alzheimer na kuharibika kwa mishipa ya damu ya ubongo. Mzee kusahau alipoweka ufunguo ni jambo la kawaida. Lakini akipotea njia ya shamba aliyoipita miaka 40, akauliza swali moja mara kumi, au akasahau kwamba ameshaswali Adhuhuri na kuirudia tena na tena, hiyo ni dalili.

Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2021 walikuwapo watu milioni 57 wenye dimenshia, na zaidi ya asilimia 60 yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Hata jirani zetu wa Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, wamo. Mwaka 2010 watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika vijiji vya huko, wakapima wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Ilionekana kuwa zaidi kidogo ya 6 katika kila 100 wana ugonjwa huu. Katika kazi iliyofuata huko Hai, yaliandaliwa maswali yanayomfaa hata asiyejua kusoma: kwa mfano, badala ya kuchora kwa kalamu, mzee hupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano. Baadaye maswali hayo yakatiwa kwenye programu ya simu ili wahudumu wa afya wa vijijini waweze kuyatumia.

Tahadhari: si kila kusahau ni dimenshia. Ugonjwa wa tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12, huzuni kubwa, na hata baadhi ya dawa huvuruga kumbukumbu, na hayo yanatibika. Ndiyo maana lazima mzee aonwe na daktari kabla ya watu kukata tamaa.

TIBAMTANDAO NI NINI?

Ni mgonjwa na daktari kuzungumza kwa simu au kwa video wakiwa mbali. Wakati mwingine mganga wa zahanati hukaa na mgonjwa huku akimuuliza bingwa aliye mjini. Hapa nchini, Hospitali ya Taifa Muhimbili imeunganishwa kwa njia hii na baadhi ya hospitali za mikoa. Wizara ya Afya nayo ina namba 199, ambayo hupigwa bure kwa ushauri.

Faida yake sisi wa milimani tunaielewa. Kumtoa mzee Mtae au Mlalo hadi Lushoto mjini, au kumteremsha Soni hadi Mombo kwa zile kona, ni mateso kwa mtu asiyejua anapelekwa wapi. Mahali pageni humzidishia hofu. Nyumbani hutulia, na daktari humwona alivyo.

KAZI YA MWANAFUNZI

Wewe ndiye unayejua simu. Basi fanya haya:

1. Andika katika daftari: dalili zilianza lini, zimebadilika vipi, usingizi na chakula chake vikoje. Weka dawa zake zote mezani.

2. Chagua saa ambayo mzee ametulia. Kaa naye mahali penye mwanga, uongeze sauti. Kama mtandao wa nyumbani unasumbua, ombeni kupiga simu mkiwa zahanati.

3. Wazee wengi huwa huru zaidi katika Kishambaa, na daktari huenda hakijui. Ukiwa mkalimani, fikisha alichosema kama alivyosema. Akikosea siku au jina la mwanawe, usimsahihishe, kwani kosa hilo ndilo daktari analotaka kulisikia. Ukalimani ni amana.

4. Usimrekodi ukarusha kwa marafiki. Kumcheka mzee ni kumvunjia heshima, na siri ya mgonjwa haichezewi.

MLEZI ASISAHAULIWE

Mara nyingi mama au shangazi ndiye anayekesha. Apewe dakika zake na daktari, pembeni, aseme yanayomshinda: mzee anapotoka usiku, anapogoma kuoga, anapomtuhumu kuwa kamwibia. Wengine nyumbani washike zamu, naye alale. Simu humpunguzia safari. Haimsaidii kubeba maji wala kufua.

MIPAKA YAKE

Simu haipimi damu wala presha. Mzee akichanganyikiwa ghafla, akipooza upande mmoja, akianguka au akiwa na homa kali, apelekwe hospitali mara moja. Jihadharini pia na matapeli wanaouza mitandaoni dawa za "kurudisha akili". Dimenshia nyingi hazina tiba ya kuziondoa, na daktari wa kweli amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika.

Ndugu zangu, katika Suratul Israa aya ya 23 na 24 tumekatazwa kuwatolea wazazi wetu hata neno dogo la kuchoshwa nao wanapofikia uzee. Mzee anayeuliza swali lile lile mara ya kumi ndiye mtihani wetu wa aya hiyo. Tumjibu mara ya kumi kama tulivyomjibu mara ya kwanza.

Tunamuomba Allah (S.W.) awahurumie wazee wetu, awape nguvu wanaowalea, na atujaalie mwisho mwema. Amin.

Wabillahi tawfiq.