Bao Nalo ni Elimu

Wapo wanaodhani kwamba mchezo ni shughuli ya asiye na kazi, na kwamba chuo kikuu kikijishughulisha nao kitakuwa kinapoteza fedha za umma. Rai hiyo haina nguvu. Mwaka 1938 mwanahistoria wa Kiholanzi, Johan Huizinga, aliyekuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Leiden, alitoa kitabu chake Homo Ludens. Humo alieleza kuwa mchezo ni miongoni mwa mizizi ya utamaduni, na kwamba hata sheria na ushairi vina asili ya mchezo ndani yake.

Hapa kwetu ushahidi umo barazani. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, na hapo huitwa namua. Kete za mkononi zikimalizika, mchezo huingia katika mtaji. Mwanahesabu atazihesabu kete hizo. Lakini ni mwanafunzi wa lugha atakayeuliza vipi neno la wafanyabiashara likawa la wacheza bao, na kwa nini kutakata, ambako kwa kawaida ni kuwa safi, baoni ni kucheza bila ya kula. Naye mwanafunzi wa historia atauliza mchezo huu ulisafiri na nani, na ulipokewa vipi kila ulikofika.

Mgeni ametutangulia katika kazi hiyo. Mwaka 1995 Alex de Voogt alipata shahada ya uzamivu huko Leiden kwa tasnifu juu ya umahiri wa mafundi wa bao, mafundi aliowakuta hapa Unguja. Tunamshukuru. Hata hivyo, tasnifu ile ni ya Kiingereza, na mzee wa barazani asiyeijua lugha hiyo hawezi kuyasoma yaliyoandikwa juu ya ufundi wake mwenyewe.

Kwa hiyo twawaomba wakuu wanaohusika, pamoja na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, walitazame jambo hili kwa uzito. Mafundi wakongwe warekodiwe wangali hai, waalikwe darasani kama walimu ingawa hawana vyeti, na matokeo yaandikwe kwa Kiswahili. Fundi akifariki, ubao wake hubakia kwa warithi. Hesabu zilizokuwamo kichwani mwake huzikwa naye.