Je, Wajua? Lubumbashi, jiji la shaba, picha na Kiswahili

Je, wajua kwamba Lubumbashi, jiji la pili kwa ukubwa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ni mahali ambapo mtu wa Kigoma anaingia sokoni na kupatana bei bila mkalimani? Kifaransa kinatawala ofisini na darasani. Nyumbani utasikia Kibemba, Kiluba, Kisanga au Kilunda. Lakini barabarani, kwenye daladala na kwenye redio ya jirani, lugha ni Kiswahili. Mji wenyewe ulianzishwa na Wabelgiji mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, wakauita Élisabethville kwa heshima ya malkia wao. Jina la sasa lilikuja mwaka 1966.

Je, wajua kwamba kabla ya Wabelgiji eneo hilo lilikuwa na mtawala mwenye asili ya Unyamwezi? Ni Msiri, mfanyabiashara wa shaba na pembe za ndovu aliyeweka makao yake Bunkeya na kufanya biashara na pwani za bahari zote mbili, ya Hindi na ya Atlantiki. Aliuawa Desemba 1891. Katika ukoo wake alizaliwa Jean-Bosco Mwenda, mpiga gitaa ambaye Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, yaani Likasi ya leo, mwaka 1952. Wazee wa Nairobi waliompenda Bosco wanajua alikuwa hodari kiasi gani, vijana wamtafute.

Je, wajua kwamba Waluba walikuwa na kumbukumbu za maandishi yasiyo na herufi? Kifaa chenyewe ni lukasa: kibao cha kushika mkononi, kimepigiliwa shanga na simbi. Msomaji, ambaye ni mtu wa chama cha Mbudye, alipitisha kidole juu yake huku akisimulia. Ushanga mmoja mkubwa uliozungukwa na midogo ungeweza kuwa mfalme na watu wake; mstari wa shanga ungeweza kuwa safari. Kibao kilekile, kikisomwa na mtu mwingine mbele ya watu wengine, kilitoa masimulizi tofauti. Kimoja kinachojulikana sana kiko Brooklyn Museum, New York.

Na katika vinyago vya Waluba, vipi kuhusu “Bwana wa Buli”? Hilo si jina la mtu. Buli ni kijiji, na Mbelgiji Frans Olbrechts ndiye aliyegundua kwamba vinyago kadhaa vilivyotawanyika katika makumbusho ya Ulaya vilifanana mno, nyuso ndefu zenye huzuni zilezile, kiasi cha kuonyesha kwamba vilitoka kwenye karakana moja. Waliovichukua hawakujisumbua kuuliza jina la fundi.

Na misalaba ya shaba ya Katanga, eneo lenye Lubumbashi? Ilikuwa fedha. Imechimbwa pia makaburini, kando ya Ziwa Kisale. Katanga ilipojitenga mwaka 1960, misalaba mitatu ya aina hiyo ikawekwa kwenye bendera. Mwaka huohuo ukumbi wa thieta wa jiji, uliosanifiwa na Claude Strebelle, ukageuzwa bunge la Katanga. Waigizaji nje, wanasiasa ndani. Utani mwingine hapo malizia mwenyewe.

Je, wajua kwamba wachoraji wa kwanza wa Kongo wa kuchora kwenye karatasi wanaofahamika kwa majina walikuwa mtu na mkewe? Mwaka 1926, huko Bukama, ofisa mmoja Mbelgiji, Georges Thiry, aliona nyumba za udongo zilizochorwa ukutani. Akampa Albert Lubaki, aliyekuwa fundi wa pembe za ndovu, karatasi na rangi za maji. Antoinette Lubaki naye akachora. Mwaka 1929 picha hizo zilitundikwa Brussels.

Je, wajua kwamba mchoraji Bela alichora kwa ncha za vidole? Alikuwa katika karakana iliyoitwa Le Hangar, iliyofunguliwa Élisabethville mwaka 1946 na Mfaransa Pierre Romain-Desfossés. Mwalimu huyo alitaka wanafunzi wasionyeshwe sanaa ya Ulaya, eti wasiharibike. Wazo lenyewe linanuka ukoloni, lakini kazi zilizotoka humo si za mtu mmoja aliyefinyanga wenzake: Pilipili Mulongoy na samaki na ndege wake, Mwenze Kibwanga na vijistari vyake vifupi vilivyojaza picha nzima. Huwezi kumchanganya mmoja na mwingine.

Sasa tuingie sebuleni, maana ndiko yalikokuwa makumbusho halisi ya miaka ya 1970. Wafanyakazi wa kampuni ya shaba, Gécamines, walimu na makarani walinunua picha kwa wachoraji wa mtaani na kuzitundika juu ya kochi. Ziliuzwa sana za mamba muntu, mwanamke mwenye mkia wa samaki anayeleta utajiri na kudai malipo mazito. Nyingine ziliitwa “Colonie belge”: askari mweusi anamcharaza mfungwa bakora, Mzungu amesimama pembeni anatazama. Mgeni akishakaa na kupewa maji, picha ilianzisha mazungumzo. Baba anaeleza, bibi anasahihisha.

Mmoja wa wachoraji hao, Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947, hakutaka kuitwa mchoraji tu. Alisema yeye ni mwanahistoria. Turubai lake mara nyingi lilikuwa mfuko wa unga uliofumuliwa. Kati ya 1973 na 1974 alichora picha zaidi ya mia moja za historia ya nchi yake, toka enzi za wafalme hadi Mobutu, Lumumba akiwa katikati, na akazieleza moja baada ya nyingine kwa Kiswahili mbele ya kinasa sauti cha mwanaanthropolojia Johannes Fabian. Kitabu cha Fabian kuhusu picha hizo kilitoka mwaka 1996. Picha zenyewe ziko Amsterdam. Tshibumba alipotea mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Je, wajua kwamba historia ya jiji hili iliandikwa kwa Kiswahili na chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu? Ilikuwa mwaka 1965, mwandishi André Yav, kijitabu kilichopigwa taipu na kurudufiwa. Tahajia yake ingemtoa jasho mhariri yeyote wa Dar es Salaam. Lakini waliokuwa wakipika na kupanga meza walikuwa wamesikia mengi.

Wafanyakazi wa migodini nao walikuwa na gazeti la kampuni, Mwana Shaba, lililoanza mwaka 1957. Na jioni kulikuwa na Mufwankolo, mchekeshaji wa redio, baadaye wa televisheni, aliyeongoza kundi lake bila kuandika maneno ya mchezo: wanakubaliana kisa, wanajaribu, wanabishana, wanaingia jukwaani. Mwaka 1986 walitunga mchezo mzima kutokana na msemo kwamba madaraka huliwa mazima. Walianza kwa kubishana maana yake.

Kiswahili kingali hewani: Radio Okapi, iliyoanza Februari 2002, hutangaza kwa lugha tano: Kifaransa, Kiswahili, Kilingala, Kiluba cha Kasai na Kikongo.

Mwisho, je, wajua habari ya nzi? Wakati wa ukoloni, mfanyakazi wa Élisabethville alitakiwa kuleta nzi 50 ndipo apewe posho yake ya chakula ya siku. Mitaa ya Waafrika na ya Wazungu ilitenganishwa na ukanda mtupu, kwa kisingizio cha mbu na malaria. Sammy Baloji, mpiga picha aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978 na mmoja wa waanzilishi wa tamasha la Picha mwaka 2008, aliupiga picha ukanda huo kutoka angani, akazipanga picha hizo sambamba na visanduku vya wadudu waliohifadhiwa katika makumbusho ya jiji. Kazi hiyo ilionyeshwa katika maonyesho ya sanaa ya Venice mwaka 2015, ndani ya banda la Ubelgiji.