Gome la Mweria na Tezi Dume ya Mzee

Mwaka 1966 Mfaransa mmoja, Jacques Debat, alisajili hataza ya dawa iliyotokana na gome la mti wa Kiafrika. Wameru wanauita mweria, Wakikuyu muiri, Wachaga mkondekonde. Wataalamu wa mimea wanauandika Prunus africana. Huota kwenye misitu ya milimani, kuanzia Kamerun hadi Madagaska, na kwetu unapatikana Mlima Kenya na Kilimanjaro. Walengwa wa dawa hiyo walikuwa wanaume watu wazima wanaoamka usiku mara nne, mara tano, kwenda haja ndogo, kisha wanasimama chooni wakisubiri mkojo unaotoka kwa matone.

Chanzo cha adha hiyo ni tezi dume. Iko chini ya kibofu na imeuzunguka mrija wa mkojo. Kwa kijana ina uzito wa gramu 20 hivi. Mwanamume akishapita miaka 40 tezi hiyo huanza kukua tena, na kwa kuwa mrija unapita katikati yake, unabanwa kama mpira wa kumwagilia bustani uliokanyagwa. Wachunguzi wa maiti wamekuta ukuaji huo kwa takriban nusu ya wanaume wenye umri wa miaka ya hamsini, na kwa karibu asilimia 90 ya waliovuka miaka 80. Si wote walioteseka. Kinachochochea ni homoni ya kiume inayogeuzwa na kimeng'enya kuwa dihidrotestosteroni. Tulilijua hilo vizuri baada ya mwaka 1974, wanasayansi walipoeleza habari za watu wa Jamhuri ya Dominika waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya hicho: tezi zao zilibaki ndogo maishani. Ndipo ikatafutwa dawa ya finasteride, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1992. Hupunguza ukubwa wa tezi, ila inataka subira ya miezi. Dawa nyingine, tamsulosin, hailipunguzi umbo la tezi. Hulegeza misuli ya hapo, na nafuu huonekana baada ya siku chache.

Je, gome lina kazi? Lina kiasi fulani. Mwaka 2002 wachambuzi wa mtandao wa Cochrane walikusanya majaribio 18 yenye wanaume 1,562. Waliotumia dawa ya mweria walipunguza safari za usiku kwa asilimia 19 na mkojo unaobaki kibofuni kwa asilimia 24, na kasi ya mkojo ikaongezeka kwa asilimia 23. Ni nafuu ya wastani, na majaribio mengi yalikuwa ya wiki chache tu. Hata hivyo ni zaidi ya ulichopata saw palmetto, mmea wa jamii ya mitende wa kusini mwa Marekani uliojaa kwenye maduka ya virutubisho. Huo ulijaribiwa kwa wanaume 225 kwa mwaka mzima, matokeo yakatoka 2006. Ukajaribiwa tena kwa wanaume 369, hadi mara tatu ya kipimo cha kawaida, matokeo yakatoka 2011. Haukuzidi kidonge kisicho na dawa.

Hapo kwenye kidonge kisicho na dawa ndipo penye somo. Katika majaribio haya, wanaopewa kidonge kitupu nao husema wamepata nafuu. Maradhi haya hupanda na kushuka yenyewe: mwezi huu usingizi wa taabu, mwezi ujao ahueni. Mzee aliyekunywa chupa yake ya maji ya magome wakati wa ahueni atatoa ushuhuda kwa moyo mweupe, na jirani atanunua. Simlaumu. Lakini ushuhuda wake hautuambii kilichofanya kazi.

Jambo la pili halisemwi na wauzaji. Kilichojaribiwa si maji ya magome. Viwandani gome husagwa, likachujwa kwa vimumunyisho vya kemikali, kwa sababu viambato vinavyotafutwa ni vya aina ya mafuta, na havitoki vizuri kwenye maji. Mgonjwa hupimiwa miligramu 100 hivi kwa siku. Gome lililochemshwa sufuriani ni kitu kingine, na hakuna ajuaye kipimo chake. Kwa hiyo takwimu za Cochrane haziwezi kuwa cheti cha chupa ya sokoni.

Na mti wenyewe unaumia. Ukibanduliwa gome pande zote unakufa, maana chakula chake hupitia humo. Tangu 1995 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na mkataba wa CITES, na mwaka 2007 Umoja wa Ulaya ulisimamisha kununua magome ya Kamerun.

Kinachonitia hofu zaidi ni muda unaopotea mzee akitegemea chupa. Kibofu kinachosukuma kwa nguvu miaka na miaka hunenepa kuta, kisha huchoka. Mkojo uliobaki huleta maambukizi na mawe, na shinikizo linaweza kurudi juu likaharibu figo. Kukua huku kwa tezi si saratani wala hakugeuki kuwa saratani, ila mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili, na dalili hufanana. Kipimo cha damu cha PSA na uchunguzi wa kidole, usiomaliza dakika, ndivyo vinavyoanza kutenganisha. Najua mzee anaona haya mbele ya daktari mwenye umri wa mjukuu wake. Basi wewe mwanawe msindikize, na umwambie daktari kila anachokunywa, mitishamba ikiwamo. Mwambie baba pia aepuke kujinunulia dawa za mafua: Piriton na zile za kuzibua pua zinaweza kuufunga mkojo kabisa.

Mkojo ukigoma, tumbo la chini likajaa na kuuma, msichemshe chochote. Mpelekeni hospitali usiku huohuo awekewe mpira wa kutoa mkojo.