Wachoma Mkaa wa Ndola na Ndege ya Hammarskjöld

Usiku wa kuamkia Jumatatu, Septemba 18, 1961, yapata saa 6 na dakika 10, rubani wa ndege aina ya DC-6B aliuarifu mnara wa Ndola kwamba anaziona taa za uwanja na anashuka. Sauti yake haikusikika tena. Ndani mlikuwa na watu 16, mmoja wao Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, aliyekuwa njiani kuonana na Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga, jimbo lililokuwa limejitenga na Kongo, ili vita vya huko visimamishwe. Ndege ilianguka msituni, kama kilomita 15 kutoka uwanjani. Ardhi ile leo ni ya Zambia, lakini kilichosababisha safari yenyewe kilikuwa Lubumbashi, wakati huo ikiitwa Élisabethville, ambako askari wa Umoja wa Mataifa na wale wa Tshombe walikuwa wakipigana tangu Septemba 13. Hata ndege ile ilikuwa imepita mjini humo. Asubuhi ya Septemba 17, ilipokuwa ikiondoka kwenda Léopoldville (leo Kinshasa), ilipigwa risasi kutoka chini na bomba la moshi la injini mojawapo likaharibika. Mafundi wa Léopoldville wakalishughulikia, na alasiri ikapaa tena kuelekea Ndola.

Ajali ya ndege huacha ushahidi wa vyuma na ushahidi wa watu. Vyuma vya ndege ile vilikaguliwa kwa bidii. Magurudumu yalikuwa yameshushwa, mapangaboi yalikuwa yakizunguka kwa nguvu ya injini ndege ilipogusa miti, na vipimo vya mwinuko vilipelekwa Marekani kukaguliwa, visionekane kuwa na hitilafu. Sehemu kubwa ya bodi ilikuwa imeyeyuka kwa moto. Kisanduku cheusi hakikuwamo, na mazungumzo ya mnara hayakunaswa kwenye tepu. Palipo na uhaba wa namna hiyo, mtu angetegemea watu walioona na kusikia wasikilizwe kwa makini zaidi. Kilichofanyika ni kinyume chake, na kwa maoni yangu uchunguzi uliharibikia hapo, kabla ya yeyote kujua kama ndege ilitunguliwa au ilijiangukia.

Tuanze na majeruhi. Harold Julien, Mmarekani wa idara ya usalama ya Umoja wa Mataifa, alikutwa hai akiwa ameungua vibaya, baada ya kulala juani kwa saa nyingi. Aliishi hadi Septemba 23. Hospitalini alizungumzia mlipuko, na cheche angani. Maneno ya mtu pekee aliyetoka ndani ya ndege ile yaliwekwa kando kwa hoja kwamba alikuwa na homa na amepewa dawa za kutuliza maumivu, ingawa daktari mmojawapo aliyemhudumia alisisitiza kwamba kuna nyakati alikuwa na akili timamu kabisa. Kisha kuna wachoma mkaa waliokuwa msituni usiku ule, na wakazi wa vitongoji vya jirani. Baadhi yao walisema waliona ndege mbili, kubwa na ndogo. Wengine walisema waliona mwanga au moto kabla ndege haijafika chini. Timothy Kankasa, aliyekuwa akisimamia kitongoji cha Twapia na ambaye baadaye alikuwa waziri wa Zambia huru, alieleza kwamba wachoma mkaa walimletea habari asubuhi, yapata saa 3, naye akawaarifu polisi. Kumbukumbu rasmi zinasema mabaki yalionekana saa 9 na dakika 10 alasiri. Kati ya nyakati hizo mbili Julien alikuwa bado juani.

Tume ya serikali ya Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland, dola ya kikoloni iliyotawala Ndola wakati huo, ilitoa ripoti Februari 1962 na iliamua kwamba kosa ni la rubani: alishuka chini mno. Mashahidi Waafrika ilionekana hawaaminiki, na wengine walidhaniwa kusukumwa na siasa za kudai uhuru. Mtu asisahau walikuwa wakizungumza mbele ya nani. Wachoma mkaa walioingia kwenye mabaki wakachukua mashine ya kuandikia siri iliyokuwamo walifungwa jela. Baada ya hapo, mwenye busara angenyamaza, na wapo walionyamaza kwa miongo kadhaa.

Kuna wanaopinga, na hawakosi hoja. Wanasema jicho la usiku hudanganya, na taa za ndege moja inayogeuka zaweza kuonekana kama mbili. Kweli kabisa. Lakini dawa ya shahidi mwenye shaka ni kumpeleka alipokuwa amesimama, kumuuliza alitazama upande gani, kisha kulinganisha jibu lake na la mwenzake aliyekuwa mbali naye. Kuyatupa maelezo yote kwa pamoja ni kukwepa kazi hiyo, na kwa sababu haikufanywa kikamilifu mwaka 1961, sasa haiwezi kufanywa tena. Wanasema pia kwamba maelezo mepesi ndiyo yenye uwezekano mkubwa: marubani waliochoka, uwanja wasiouzoea, giza. Nalo lawezekana. Tume ya Umoja wa Mataifa yenyewe, mwaka 1962, haikuliondoa; ilichokataa ni kuyafunga mengine, hujuma na shambulio, wakati ushahidi haujatosha. Tena, anayesema aliona ndege ya pili halazimiki kuwa anasema ilifyatua risasi. Ndege ndogo ikikatiza karibu na kubwa inayoshuka usiku yaweza kumshtua rubani kwa sekunde chache tu, na karibu na ardhi sekunde hizo zinatosha. Kwa hiyo kosa la rubani na ndege ya pili si hoja mbili zinazofukuzana.

Mmoja wa walioirudisha kesi hii mezani anatoka Afrika Mashariki. Mohamed Chande Othman, Jaji Mkuu mstaafu wa Tanzania, aliongoza jopo la Umoja wa Mataifa mwaka 2015, kisha akaendelea na kazi hiyo peke yake. Ripoti yake ya mwaka 2017 ilisema kwamba kuna uwezekano wa kuaminika kuwa shambulio au tishio la nje lilichangia ajali. Hakusema limethibitika. Alisema pia kwamba mzigo sasa uko kwa mataifa, yaonyeshe kuwa yamepekua nyaraka zao za ujasusi, za mawasiliano ya redio na za mamluki wa Katanga. Katika ripoti iliyofuata, ya mwaka 2019, aliilalamikia Uingereza, Marekani na Afrika Kusini kwa ushirikiano haba.

Miaka zaidi ya sitini imepita, na wako wanaouliza faida iko wapi. Jibu langu ni mfano wa shahidi mmoja wa baadaye, Charles Southall, ofisa wa jeshi la majini la Marekani aliyekuwa katika kituo cha kunasa mawasiliano huko Cyprus. Alisema alisikia usiku ule sauti ya rubani akieleza anavyoishambulia ndege. Maelezo yake yana udhaifu ule ule wa wachoma mkaa: kumbukumbu ya mtu mmoja, iliyotolewa baada ya miaka mingi. Tofauti ni kwamba yake yanaweza kupimwa hadi leo, maana kituo kama kile kilikuwa na kazi ya kuandika kila kilichonaswa. Ama karatasi ya usiku ule ipo kwenye kabati la serikali, ama haipo, na mwenye ufunguo ndiye anayepaswa kujibu.