Stima ya nyuklia: Ni sufuria gani itakayoinjikwa Siaya?

Huenda wewe ni mkazi wa Umoja, Kayole, Buruburu au Jericho, na habari za mtambo wa nyuklia ukizisikia redioni unabadilisha stesheni. Usibadilishe. Stima hiyo ikija, nyingi itaishia huku Nairobi, na gharama yake utailipa kwenye tokeni zako. Wasiwasi kwa sasa ni wa watu wa Siaya, kama ulivyokuwa wa watu wa Uyombo kule Kilifi, walioandamana mwaka 2024 wakiukataa mradi huo. Kufikia 2025 serikali ilikuwa imegeuza macho hadi Siaya, kando ya Ziwa Victoria.

Katika mabishano hayo yote, swali moja huulizwa kwa nadra sana: ni mtambo wa aina gani? Watu husema "nyuklia" kana kwamba ni kitu kimoja. La hasha!

Kazi ya mtambo wa nyuklia ni kuchemsha maji, basi. Mvuke husukuma mapanga ya chuma, mapanga yakazungusha jenereta, stima ikatoka. Olkaria hufanya vivyo hivyo kwa mvuke wa ardhini. Hata neno lenyewe, stima, tulilipata kutokana na mvuke wa Mwingereza.

Tofauti iko kwenye moto. Chembe ndogo iitwayo nyutroni hugonga atomu ya urani, atomu ikapasuka, ikatoa joto pamoja na nyutroni nyingine mbili au tatu, nazo zikaenda kugonga jirani. Lakini nyutroni hizo hutoka kwa kasi mno, na zikiwa na kasi hiyo huwa vigumu kupasua atomu nyingine. Lazima zipunguzwe mwendo. Kinachozipunguza mwendo, na kinacholibeba joto, ndicho kinachotenganisha mtambo huu na ule.

Aina iliyoenea zaidi duniani hutumia maji ya kawaida kwa kazi zote mbili. Hebu fikiria sufuria ya presha, ila presha yenyewe ni kama mara 150 ya hewa ya kawaida. Maji hupita nyuzi 300 bila kuchemka. Joto lake hupenya kuta za mabomba na kuchemsha maji mengine, na hayo ya pili ndiyo yanayoendesha mapanga. Yaliyogusa urani hubaki kwenye mzunguko wake. Koeberg, karibu na Cape Town, imetoa stima hivyo tangu 1984. Barakah, huko Abu Dhabi, ina mitambo minne ya aina hiyo, wa mwisho ukianza kuuza stima mwaka 2024.

Katika aina ya pili, maji huchemkia papo hapo kwenye urani na mvuke huenda moja kwa moja kwenye mapanga. Ndiyo iliyokuwa Fukushima, Japani. Tetemeko la tarehe 11 Machi 2011 lilipotokea, mitambo ilijizima sawasawa. Sasa kumbuka jiko lako la makaa: githeri imeshaepuliwa, lakini ukigusa makaa bado utaungua. Urani ni hivyo. Huendelea kutoa joto baada ya kuzimwa, na lazima ipozwe. Mawimbi ya tsunami yakafurika kwenye jenereta za dharura, pampu zikasimama, na urani ya mitambo mitatu ikayeyuka. Usidhani huo ni ugonjwa wa aina hiyo pekee. Kila mtambo hubaki na makaa yake, na kila mmoja huacha taka za kulindwa kwa maelfu ya miaka.

Chernobyl, Aprili 1986, ni kisa kingine. Pale nyutroni zilipunguzwa mwendo na grafiti, ile iliyo ndani ya penseli, na maji yalikuwa ya kupoza tu. Katika aina mbili za kwanza, maji yakipotea nyutroni hukosa wa kuzipunguza na moto hufifia wenyewe. Chernobyl maji yalipogeuka mvuke, grafiti ilibaki, na moto ukazidi. Tena mtambo ule haukuwa na jengo zito la zege la kuufunika wote. Leo hakuna nchi inayojenga mpya wa aina hiyo.

Wakanada nao hutumia maji mazito, ambayo huwawezesha kutumia urani isiyorutubishwa, na kuibadilisha bila kuzima mtambo.

Kisha kuna ukubwa, na hapa ndipo mimi ningebana wakubwa kwenye baraza. Kenya imekuwa ikizungumzia megawati 1,000 kufikia 2034. Mapema 2025, nchi nzima jioni ilitumia kama 2,300. Mtambo mmoja unaobeba sehemu kubwa hivyo ukizima ghafla, unaweza kuvuta nchi yote gizani, na giza la Agosti 2023 bado tunalikumbuka. Ndiyo maana mitambo midogo nayo inatajwa. Warusi wana miwili ndani ya meli iliyotia nanga Pevek, kaskazini kabisa, inayotoa megawati 70 tangu 2020.