Mshubiri Wako Umeoza? Angalia Udongo

Mama yetu alipofariki tuligawana vitu vyake kwa amani: vikombe, leso, sufuria, na mshubiri uliokuwa ndani ya kopo kuukuu kando ya mlango wa jikoni. Mshubiri huo tuliujua tangu utotoni. Siku ya kuondoka, tuling'oa vichipukizi vitatu vilivyoota pembeni mwake, kila binti akapata chake.

Dada yetu mkubwa alikwenda na chake hadi kwake karibu na Naivasha. Sisi wawili tulioolewa upande wa Kitengela tulinunua vyungu vizuri, tukavijaza udongo mweusi wa shambani, ule unaoonekana una rutuba nyingi. Tulimwagilia kila asubuhi bila kukosa, kwani hii ilikuwa kumbukumbu ya mama. Kabla masika hayajaisha, majani yalikuwa yamelegea na shina limekuwa laini kama ndizi iliyoiva kupita kiasi. Mmoja ulikufa kabisa. Wa pili ulibakiwa na uhai kidogo tu.

Tulipomwuliza dada yeye anautunzaje wake, alicheka. "Mimi hata kuumwagilia huwa nasahau!" Lakini siri haikuwa katika kusahau peke yake. Udongo wa kwake ni mwepesi, umejaa vipande vya mawe ya volkeno yenye vitundu vitundu. Wetu ni mfinyanzi: ukilowa hunata na kushika maji kwa siku nyingi, ukikauka hupasuka nyufa.

Kwa nini mimea hii huoza

Mshubiri tunaoupanda sana majumbani asili yake ni milima mikavu ya kaskazini mwa Omani. Taji la miiba lilitoka Madagaska. Waridi la jangwani huota lenyewe katika sehemu kame za Afrika Mashariki. Mimea ya namna hii huweka akiba ya maji katika majani au shina, na mingi hufungua vitundu vya majani usiku, wakati wa baridi, ili isipoteze maji mchana wa jua kali.

Kwa hiyo kiu si adui yake mkubwa. Mizizi yake huhitaji hewa. Udongo ukijaa maji, hewa hukosa nafasi, mizizi hufa na kuvu huingia. Na hapa ndipo akina mama wengi tunapokosea: mmea ambao mizizi yake imeoza hunyauka kama wenye kiu. Tukiuona hivyo tunauongezea maji, kumbe ndiyo tunaumaliza.

Mchanganyiko unaofaa

Huna haja ya kununua udongo wa bei ghali. Chukua kopo lolote liwe kipimo chako:

– kopo 1 la udongo mwepesi wa bustani, si mfinyanzi;
– makopo 2 ya mawe mepesi ya volkeno yaliyopondwa, au mchanga mkubwa wa mto, au matofali ya kuchoma yaliyopondwa;
– nusu kopo la mboji au samadi iliyooza vizuri, isiyo na harufu.

Vipande vya mawe viwe kati ya ukubwa wa punje ya mtama na punje ya hindi. Vipitishe kwenye chekeche ili vumbi litoke, maana vumbi huziba nafasi za hewa. Mchanga laini wa kupigia lipu haufai, kwa kuwa hushikana. Dada zetu wa pwani wasitumie mchanga wa baharini, kwa sababu ya chumvi. Samadi mbichi nayo huunguza mizizi.

Sasa pima kazi yako. Lowesha mchanganyiko kidogo, ukamate ukonde mmoja, kisha fungua mkono. Ukivunjika wenyewe, ni mzuri. Ukibaki donge, ongeza mawe.

Chungu na kupanda

Chungu ni lazima kiwe na tundu chini. Cha udongo wa kuchoma kisichopakwa rangi ni bora, kwani hupumua pande zote. Kisiwe kikubwa mno. Vidole viwili kuzunguka mizizi vinatosha. Udongo mwingi usio na mizizi hukawia kukauka.

Wengi tulifundishwa kutandika kokoto chini ya chungu ili maji yatoke. Jaribu hili jikoni: weka sifongo iliyolowa juu ya kokoto. Je, imekauka? La, maji hubaki ndani ya sifongo. Udongo mzito nao hufanya vivyo hivyo juu ya kokoto zake. Mawe yachanganywe na udongo wote. Kipande kimoja cha kigae au wavu juu ya tundu kinatosha kuzuia udongo usimwagike.

Ukishapanda, usimwagilie kwa siku kadhaa, hata wiki, ili mizizi iliyokwaruzwa ipone.

Kuutunza udongo wenyewe

Kabla ya kumwagilia, chomeka kijiti kikavu hadi karibu na chini. Kikitoka na unyevu, ngoja. Kikitoka kikavu, mwagilia hadi maji yapite chini, kisha mwaga yaliyobaki kwenye kisahani. Wakati wa masika, vyungu vikae chini ya ukingo wa paa.

Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo, hizo ni chumvi za maji, hasa ya kisima. Ukwangue, kisha mimina maji ya mvua mengi yapite. Na hata udongo mzuri huchoka: mboji huoza na kusagika, udongo hushindiliana. Ubadilishe kila baada ya miaka miwili hivi.

Neno moja kwa wenye watoto wadogo: utomvu wa taji la miiba huwasha na kuumiza macho, na wa waridi la jangwani ni sumu ambayo wawindaji waliipaka mishale. Viweke vyungu hivyo mbali na mikono yao, na unawe baada ya kupanda.

Mmea wa mama

Ule mshubiri wetu uliobaki tuliung'oa, tukakata sehemu zote zilizooza kwa kisu safi hadi penye nyama nzima. Tuliuacha kivulini siku kadhaa mpaka kidonda kikakauka, tukaupanda katika mchanganyiko huu. Kwa wiki nyingi haukuonyesha dalili yoyote, nasi tulijizuia kuugusa. Halafu jani jipya likachomoza katikati.

Leo una vichipukizi pembeni, kama ule wa kopo la mlangoni. Kimoja tulimpelekea yule aliyepoteza wake. Alikipokea kwa mikono miwili, na kabla hata ya kutukaribisha chai, akauliza, "Udongo mmeleta?"