Muswada binafsi: je, mbunge wako anaweza kupeleka sheria mwenyewe?

Tukifungua simu kwenye kipindi cha asubuhi, wabunge hutajwa kwa mambo yale yale. Barabara ya Nangurukuru kwenda Liwale. Visima vya maji ya chumvi. Bei ya ufuta mnadani. Shule isiyo na mwalimu wa hesabu. Lakini hivi karibuni mama mmoja wa upande wa Pande alituandikia ujumbe ambao haukuomba barabara wala kisima. Binti yake ana miaka 16, amemaliza darasa la saba na hakuendelea. Baba yake amepokea posa. Mama hataki. Akauliza: "Mnasema mbunge ni mtunga sheria. Hii sheria ya ndoa, hawezi kwenda kuibadilisha mwenyewe?"

Swali lake tumelibeba hadi hapa kwa sababu jibu lake ni refu kuliko muda wa kipindi. Kwa kifupi, anaweza kujaribu. Njia ipo, iko kwenye Katiba na kwenye Kanuni za Kudumu za Bunge, na wachache wameipita. Tueleze ilivyo.

Sheria huanza ikiwa muswada, yaani mapendekezo yaliyoandikwa kisheria, kifungu kwa kifungu. Karibu miswada yote unayoisikia kutoka Dodoma imeletwa na Serikali. Waziri husimama, anaeleza, wabunge wanajadili, wanapitisha. Ndiyo maana wengi tunadhani kazi ya mbunge ni kusema "naunga mkono hoja" na kukaa chini. Kumbe Kanuni zinamruhusu mbunge yeyote, wa chama chochote, kupeleka muswada wake mwenyewe. Huo ndio unaoitwa muswada binafsi.

Usiuchanganye na hoja binafsi, maana hata sisi watangazaji huwa tunavichanganya. Hoja binafsi ni mbunge kuliomba Bunge litoe azimio: iundwe kamati ichunguze jambo fulani, au Serikali ichukue hatua fulani. Azimio si sheria. Zitto Kabwe alipotaka Bunge liunde kamati kuchunguza mkataba wa mgodi wa Buzwagi mwaka 2007, ile ilikuwa hoja binafsi, na iliishia kwa yeye kusimamishwa ubunge kwa miezi kadhaa. James Mbatia alipeleka yake kuhusu udhaifu wa elimu mwaka 2013. Muswada binafsi ni kazi nzito zaidi, kwa sababu ukipita unamfunga kila mtu, hakimu na polisi wakiwemo.

Mtu wa kumtazama hapa ni John Mnyika. Alichaguliwa mwaka 2010 kuwa mbunge wa Ubungo kwa tiketi ya CHADEMA. Kwa sisi wa Kilwa, Ubungo si mbali kama inavyosikika: gesi ya Songo Songo imekuwa ikisafiri kwa bomba hadi kwenye mitambo ya umeme ya Ubungo tangu mwaka 2004. Lakini hatumtaji kwa sababu ya bomba. Tunamtaja kwa sababu alijaribu njia hizi zaidi ya mara moja, na kila mara ikaisha kivyake.

Mara ya kwanza ilikuwa Katiba. Desemba 2010, akiwa mbunge mpya kabisa, alitoa taarifa kwa Katibu wa Bunge kwamba anakusudia kupeleka hoja binafsi kudai mchakato wa Katiba mpya. Mwaka ule ule ukiwa unakatika, Rais Jakaya Kikwete katika salamu zake za mwaka mpya akatangaza kwamba tume itaundwa. Hatusemi Rais alisukumwa na karatasi ya mbunge mmoja. Sauti za kudai Katiba zilikuwa nyingi, za vyama, za viongozi wa dini, za wanasheria. Ila jambo lilitoka mkononi mwa mbunge likaingia mkononi mwa Serikali, na mwaka 2011 Serikali ndiyo iliyoleta muswada wa Sheria ya Mabadiliko ya Katiba.

Mara nyingine ilikuwa maji. Februari 2013 alipeleka hoja binafsi kuhusu shida ya maji ya Dar es Salaam. Hiyo haikufika mbali. Upande wa Serikali uliomba iondolewe, wengi wakakubali, wapinzani wakapiga kelele na kikao kikavurugika.

Halafu kuna lile la vijana, na hili ndilo linalojibu swali la mama wa Pande kwa karibu zaidi, kwa kuwa hapa Mnyika hakuomba azimio. Mwaka 2013 alipeleka muswada binafsi, sheria kamili iliyoandikwa, wa kuunda Baraza la Vijana la Taifa. Lingekuwa chombo cha vijana wa vyama vyote na wasio na chama, kuanzia chini hadi taifa. Muswada wake haukuwa sheria. Mwaka 2015 Serikali ikaleta wa kwake, nao ukapita: Sheria ya Baraza la Vijana la Tanzania. Kwa hiyo jambo alilolidai likaingia kwenye vitabu vya sheria, lakini kwa mkono wa waziri na kwa maneno ya Serikali. Na hata hapo mambo hayakuishia pazuri, kwani miaka kadhaa baada ya sheria kupita baraza lenyewe lilikuwa bado halijaundwa. Kijana wa Somanga akituuliza ofisi ya baraza iko wapi, hatuna pa kumwelekeza.

Sisi tunasoma hivi: kwetu Tanzania muswada binafsi mara nyingi ni mchokoo. Mbunge anatia kijiti kwenye mzinga, Serikali inalazimika kutoka. Asali, ikipatikana, inaandikwa jina la mwenye mzinga. Mbunge anayetaka sifa zibaki kwake hawezi kuipenda kazi hii.

Kwa nini basi wasiwe wengi wanaojaribu? Sababu moja ni kura. Muswada lazima uungwe mkono na wengi, na chama chenye wengi hufuata msimamo wa Serikali yake. Sababu nyingine ni kazi yenyewe. Waziri ana waandishi wa sheria wa Serikali wa kumwandikia. Mbunge lazima atafute wa kumsaidia, aandike madhumuni na sababu, atoe taarifa kwa Katibu wa Bunge, muswada uchapishwe kwenye Gazeti la Serikali. Ukifika bungeni husomwa mara ya kwanza kwa jina tu, bila mjadala, kisha unapelekwa kwenye kamati. Ukitoka kwenye kamati husomwa mara ya pili, na hapo ndipo mjadala mnaousikia redioni. Inafuata Kamati ya Bunge Zima, inayopita kifungu kwa kifungu, kisha kusomwa mara ya tatu. Baada ya hapo Rais anatia saini, au anakataa na kuurudisha pamoja na sababu.

Sababu kubwa kuliko zote ni fedha. Ibara ya 99 ya Katiba inasema Bunge halitashughulikia muswada wa kutoza kodi, au wa kutoa fedha kwenye Mfuko Mkuu wa Hazina, isipokuwa pendekezo limetoka kwa Rais na kuletwa na waziri. Kilichoachwa wazi ni kupunguza tu. Kwa hiyo mbunge wa Kilwa Kusini hawezi kuandika muswada binafsi unaoamuru Hazina itoe fedha za lami ya Liwale au mashine ya kuondoa chumvi kwenye maji. Hata awe jasiri namna gani, mlango huo umefungwa. Kwenye mambo ya fedha, yeye hubaki na maswali, michango, na jedwali la marekebisho, yaani karatasi ya kupendekeza kifungu cha muswada wa Serikali kibadilishwe.

Na jedwali nalo lina mipaka yake. Wakulima wa korosho wanakumbuka Juni 2018. Sheria ya korosho ilikuwa inaelekeza asilimia 65 ya ushuru wa korosho zinazouzwa nje irudi kuendeleza zao, na Serikali ikataka fedha zote ziingie Mfuko Mkuu. Wabunge wa kusini, wa CCM na wa upinzani, walisimama pamoja, jambo lisilo la kawaida. Walishindwa. Muswada ulikuwa wa Serikali na kura zilikuwa za Serikali.

Muswada huo huo wa fedha wa 2018, kwa upande mwingine, ndio uliotia kwenye sheria ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa ajili ya mikopo ya vikundi: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Kabla ya hapo yalikuwa maelekezo, halmashauri ikitaka inatoa, isipotaka inasema hakuna. Wengi wenu mliochukua mikopo ya mashine za boti au cherehani mnajua tofauti ya agizo na sheria.

Sasa turudi kwa mama. Sheria ya Ndoa ni ya mwaka 1971. Kifungu cha 13 kinasema mwanamume aolewe naye akiwa na miaka 18, samahani, aoe akiwa na miaka 18, na mwanamke aolewe akiwa na 15. Mahakama inaweza hata kuruhusu aliyefikisha 14. Kifungu cha 17 kinataka msichana wa chini ya miaka 18 awe na ridhaa ya baba yake. Ridhaa ya mama inaulizwa kama baba amefariki. Ndiyo maana mama yule alituambia amekwenda kwa watu wawili na wote wamemjibu kwamba baba akisharidhia, yeye hana neno.

Kuna ulinzi kwa mwanafunzi. Tangu mwaka 2016 Sheria ya Elimu inampa kifungo cha miaka 30 anayemwoa mwanafunzi wa msingi au sekondari. Lakini binti huyu amemaliza la saba na hayuko shule. Amepita katikati ya nyavu mbili.

Kifungu cha 13 na cha 17 vilishapelekwa mahakamani na Rebeca Gyumi. Julai 2016 Mahakama Kuu ilisema vinapingana na Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja irekebishe. Serikali ikakata rufaa. Oktoba 23, 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Ilipofika 2024, miaka mitano baadaye, vifungu vilikuwa havijabadilishwa, na Serikali ilikuwa ikieleza kwamba inakusanya maoni, ya viongozi wa dini pia, kwa kuwa jambo linagusa imani. Hilo ni kweli, na kwetu pwani tunalijua vizuri. Masheikh wetu hawana kauli moja juu yake, na wengine wamekwisha kusema hewani kwetu kwamba 18 hawana ugomvi nayo.

Ukiitazama Ibara ya 99, hapa haizuii. Kubadili 15 kuwa 18 hakuchukui fedha Hazina wala hakumtozi mtu kodi. Ni muswada wa ukurasa mmoja au miwili. Mbunge wa Kilwa Kaskazini, wa Kilwa Kusini, wa Mchinga au wa viti maalumu anaweza kuutolea taarifa bila kusubiri waziri. Huenda ukaanguka. Huenda ukafanya kama ule wa vijana, Serikali ikaona aibu ikaleta wa kwake.

Ukifika kwenye kamati, mwananchi anaweza kutoa maoni, hata kwa barua kwa Katibu wa Bunge, Dodoma. Miswada na Taarifa Rasmi za mijadala ziko kwenye tovuti ya Bunge, ingawa faili zake ni nzito na zinakula bando. Kama una namba ya mbunge wako, muulize hivi: umewahi kutoa taarifa ya muswada binafsi, na kama bado, huu wa kifungu cha 13 utautolea? Nasi tutawauliza wabunge wetu swali hilo hilo, na majibu yao tutayasoma kwenye kipindi cha asubuhi kama watakavyoyatuma.